Majina ya Migomba ya Karagwe na Wajibu wa Kiswahili

1.0 Utangulizi

Katika vibanja vya Nyakatuntu, kama kwingineko katika wilaya za Karagwe na Kyerwa, mgomba hauitwi mgomba tu. Kila shina lina jina la aina yake, na jina hilo hutajwa mkulima anapoomba chipukizi kwa jirani, anapochagua mkungu wa kupika au anapotenga ndizi za rubisi. Katika Kiswahili cha ofisi na cha vitabu vya kilimo, majina hayo mengi aghalabu hupunguzwa na kubaki mafungu machache: ndizi za kupika, ndizi za pombe, ndizi za kuliwa mbivu. Nazo kamusi, zinapolitaja jina mojawapo, mara nyingi huridhika na maelezo mawili au matatu: “aina ya ndizi”.

Makala haya yanadai kwamba upunguzaji huo hauwezi kuhesabiwa kuwa ufupisho usio na madhara. Jina la aina ni hifadhi ya maarifa, na linapopotea mkulima hubaki hana namna ya kuulizia kile alichokipoteza. Kwa kuwa Kiswahili ndicho lugha ya ugani, ya shule na ya kumbukumbu za serikali nchini Tanzania, kina sehemu katika upotevu huo, na kwa sababu iyo hiyo kina uwezo wa kuuzuia.

2.0 Umbo na maana ya majina

Runyambo, lugha ya Karagwe na Kyerwa, iliwekwa na Guthrie katika fungu moja na Ruhaya: E.21 na E.22. Katika lugha za ukanda huu majina mengi ya migomba huingia ngeli ya 9 na hubeba irabu tangulizi: Entobe, Enyoya, Embiire. Yanapoandikwa katika Kiswahili irabu hiyo hudondoka, nayo Entobe huandikwa Ntobe. Katika Luganda majina kadhaa huanza na na-, kama Nakitembe na Nakabululu, kiambishi ambacho katika lugha hiyo huunda pia majina ya wanawake. Embiire ya Kagera na Mbidde ya Buganda, zote zikiwa ndizi za pombe, zinaonesha kwamba jina lilivuka mipaka ya lugha pamoja na chipukizi lenyewe.

Maana za majina nazo zina mpangilio. Yapo yatokanayo na sura ya mmea au tunda: Enyeru, jina la Ankole, lina mzizi -eru, yaani weupe. Yapo ya sitiari: Mpologoma, mgomba wa Buganda, maana yake ni simba. Yapo yanayogusa mila na matabaka: Enzirabahima husomeka kama kitu ambacho kwa Bahima ni mwiko. Yapo pia yanayofanana na majina ya mahali, kama Kisubi, ambalo ni jina la ndizi ya pombe na pia la mji ulio karibu na Entebbe.

Hata hivyo, mtafiti anapaswa kujihadhari na etimolojia za haraka. Rwanda ina ndizi ya pombe iitwayo Intuntu, na mtu anaweza kushawishika kuiunganisha papo hapo na jina la Nyakatuntu. Kufanana kwa sauti peke yake si ushahidi. Ushahidi hupatikana kwa kulinganisha mabadiliko ya sauti kwa utaratibu na kwa kuwasikiliza wazee wa mahali husika. Kazi hiyo ni ya wanaisimu, na haiwezi kuachiwa mabwana shamba peke yao.

3.0 Kloni moja, majina mengi

Hoja kubwa inayoweza kutolewa kupinga msimamo huu inatoka katika sayansi ya mimea. Tangu Simmonds na Shepherd walipoanzisha mwaka 1955 utaratibu wa kuainisha ndizi kwa jenomu, migomba ya nyanda za juu za Afrika Mashariki imehesabiwa kuwa kundi la AAA, na Shepherd aliipa mwaka 1957 jina la Lujugira-Mutika. Karamura, katika tasnifu yake ya mwaka 1998 kuhusu migomba ya Uganda, aliigawa katika seti tano: Musakala, Nakabululu, Nakitembe, Nfuuka na Mbidde. Kisha Kitavi na wenzake walionesha mwaka 2016 kwamba migomba hii inakaribia kuwa sawa kijenetiki, kwa kuwa yote imetokana na babu mmoja aliyezalishwa kwa machipukizi vizazi na vizazi. Ikiwa ni hivyo, mtu atauliza, kuna faida gani kuhifadhi makumi ya majina ya mmea ambao kwa asili ni mmoja?

Jibu limo shambani. Mnyauko bakteria, uliothibitishwa Uganda mwaka 2001 na kuingia Kagera miaka michache baadaye, huenezwa na wadudu wanaotua kwenye makovu mabichi yanayoachwa na maua na magamba ya ua dume yanapodondoka. Nakitembe, ambayo maua na magamba yake hung’ang’ania kikonyo bila kudondoka, huweza kuepuka maambukizi ya njia hiyo. Kayinja, ndizi ya pombe ya kundi jingine, imekuwa miongoni mwa zilizoathirika zaidi. Tofauti ya Nakitembe na ndugu zake, ambayo vipimo vya jenetiki huiona kwa shida, mkulima aliiona kwa macho akaipa jina. Kwa hiyo wingi wa majina hauoneshi kwamba wanakijiji wamechanganyikiwa. Ni uainishaji unaotumia vigezo vingine: sura ya mkungu, rangi ya shina, ladha, muda wa kukomaa na tabia ya ua.

Ni kweli kwamba aina moja huweza kuwa na majina mawili, na jina moja likabeba aina mbili. Kwa mtaalamu wa kilimo hilo ni kero. Kwa mwanaisimu ni data, maana huonesha njia ambazo watu, maneno na machipukizi vilipitia.

4.0 Majina yatokayo maabara

Mmea mwingine unaozalishwa kwa kugawanywa, hosta, ambao ni ua la bustani lenye asili ya Asia ya Mashariki, unatoa kielelezo cha kulinganisha. Aina mpya ya hosta husajiliwa kwa jina katika Chama cha Hosta cha Marekani, kwa kufuata kanuni za kimataifa za majina ya mimea ilimwayo, ambazo toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1953. Aina ya ‘Frances Williams’ hubeba jina la mwanamke aliyeitambua katika kitalu kimoja cha Connecticut mwaka 1936. Jina la aina halitafsiriwi. Husafiri na mmea. Ua lisiloshibisha mtu limetengewa daftari, na chakula cha mamilioni kinaandikwa “aina ya ndizi”.

Wakati huohuo majina mapya yanaingia. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Kagera ilipokea FHIA-17 na FHIA-23 kutoka Honduras, pamoja na Yangambi Km5, ambayo jina lake linataja kituo cha utafiti cha Kongo na kilometa ya tano. Herufi FHIA zikisomwa kwa Kiswahili hutoa kitenzi “fia”, bahati mbaya kwa mmea unaotarajiwa kuokoa kibanja. Mwaka 2021 Tanzania iliidhinisha TARIBAN 1 hadi 4. Namba hizo zinamfaa mfugaji wa mbegu, lakini hazimwambii mpikaji lolote. Uganda ilipoidhinisha mwaka 2010 chotara iliyosajiliwa kama Kabana 6H, ilipewa pia jina la Kiwangaazi, kutokana na kitenzi cha Luganda chenye maana ya kuishi muda mrefu. Jina hilo linabeba ahadi ambayo mkulima anaweza kuipima.

5.0 Hitimisho

Mambo matatu yanapendekezwa. Kwanza, majina ya migomba yaingizwe katika kamusi za Kiswahili kama yalivyo, bila kutafsiriwa, yakiwa na fasili za kweli zinazoeleza sura, matumizi na eneo. Kamusi ya Runyambo-Kiswahili-Kiingereza ya Rugemalira (2002) imekwisha kuonesha kwamba lugha hizi zinaweza kukaa ukurasa mmoja. Pili, idara za Kiswahili ziwaelekeze wanafunzi wa uzamili kukusanya majina hayo vijijini, wakishirikiana na wataalamu wa mimea. Tatu, chotara mpya isigawiwe kwa namba pekee. Wakulima washirikishwe kuipa jina.

Mkulima anayeng’oa shina lililopatwa na mnyauko anahitaji kupanda tena. Akienda ofisini kuomba miche, na daftari likawa na maneno “mgomba wa kupika” tu, atapewa mgomba wowote wa kupika. Ule aliourithi hautapatikana tena, kwa kuwa katika lugha ya ofisi haukuwahi kuwako.