MBEGU ZA MUZIKI ZISITUPWE

Mwezi Oktoba 2024 kundi la muziki la Queen la Uingereza lilitoa upya albamu yake ya kwanza, ambayo ilitoka kwa mara ya kwanza Julai 1973. Jambo hilo laweza kuonekana kuwa la Waingereza na wapenzi wa muziki wa roki peke yao. Lakini mwimbaji wa albamu ile, marehemu Freddie Mercury, alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, na jina lake la kuzaliwa lilikuwa Farrokh Bulsara. Lililofanywa juu ya sauti yake lina somo kwa nchi aliyozaliwa, na hasa kwa mikoa kama Singida, ambako nyimbo ni nyingi na kanda ni chache. Ndiyo maana leo twapenda kulizungumza mbele ya wasomaji wetu.

Kwanza ieleweke ni nini kilichofanyika. Albamu ile haikupanguswa vumbi tu na kuuzwa tena. Wahusika walirudi kwenye kanda za asili zilizorekodiwa katika studio ya Trident, London, ambamo sauti zilikuwa zimewekwa katika njia mbalimbali: ngoma katika njia zake, gitaa katika zake, besi katika yake, na waimbaji katika zao. Wakazichukua njia hizo na kuzichanganya tena tangu mwanzo, kana kwamba kazi ya mwaka 1973 ilikuwa haijapata kufanywa.

Mtu wa Singida hana haja ya kwenda London ili aelewe tofauti hiyo, kwa maana yeye analima alizeti na anaijua mashine ya kukamua. Mafuta yakisha kukamuliwa, waweza kuyachuja na kuyatia katika chupa nzuri. Yatang'aa zaidi, lakini yatabaki kuwa mafuta ya mkamuo ule ule. Kama mkamuo ulikuwa mbaya, chupa haiwezi kuusahihisha. Lakini aliyeweka akiba ya mbegu za mavuno yale yale aweza kurudi mashineni na kuzikamua kwa namna nyingine. Kusafisha wimbo uliokwisha kuchanganywa ni kuchuja mafuta. Kuchanganya upya ni kurudi kwenye mbegu.

Sasa, tofauti iliyopatikana ni ipi? Vijana wale walipoirekodi albamu yao, mwaka 1972, walikuwa hawajulikani, na walipewa studio katika saa ambazo wateja wakubwa hawakuwapo. Ngoma za Roger Taylor zilirekodiwa kwa mtindo uliopendwa na studio ile wakati huo: katika chumba kidogo, zikiwa zimezuiwa zisivume. Matokeo yake zilisikika kavu na fupi, na wenyewe hawakuridhika. Katika albamu ya 2024 ngoma zile zimepata nafasi. Mpigaji anasikika kama aliye katika ukumbi, na sauti ya Mercury imekaa mahali ambapo msikilizaji anaifuata neno kwa neno. Hata wimbo mmoja, "Mad the Swine", ulioachwa nje mwaka 1973, umerudishwa ndani.

Mwimbaji ni yule yule, na pumzi aliyoivuta ni ile ile ya miaka zaidi ya 50 iliyopita. Hata hivyo asikilizaye husema anasikia kitu kingine. Sababu yake ni kwamba masikio yetu hayasikii noti peke yake. Yanasikia pia umbali, ukubwa wa chumba, nani yuko mbele na nani yuko nyuma, nani yuko kushoto na nani yuko kulia. Fundi wa kuchanganya ndiye anayeyapanga hayo yote. Akiipandisha besi kidogo, wimbo unapata uzito. Akiupunguza mwangwi, mwimbaji anasogea karibu nasi. Akiliweka gitaa moja kushoto na jingine kulia, mabishano yao yanasikika, ambapo mwanzo yalikuwa yamefunikana. Kwa hiyo fundi huyo si mtumishi wa kubonyeza vitufe. Ni mmoja wa watungaji wa kile tunachokisikia.

Kwa sababu ana uwezo mkubwa namna hiyo, aweza pia kuharibu. Wapenzi wa roki wanaikumbuka albamu ya The Stooges iitwayo Raw Power, iliyochanganywa na David Bowie na kutoka mwaka 1973. Mwimbaji wake, Iggy Pop, aliichanganya upya mwaka 1997, akaipandisha sauti mpaka ikapasuka. Wapo walioshangilia kwamba sasa moto wa kundi lile unasikika. Wapo waliosema masikio yao yameumia, wakaitaka ile ya kwanza. Sisi hatuna haja ya kuamua ugomvi huo. Twaona tu kwamba uliwezekana kwa sababu kazi zote mbili zipo: ile ya Bowie ilirudishwa madukani mwaka 2010, na kila mtu akawa na hiari ya kuchagua. Laiti ya zamani ingefutwa ili mpya ipate nafasi, kusingekuwa na ugomvi wala hiari, na makosa ya mtu mmoja yangekuwa ndiyo historia.

Turudi nyumbani. Kwa miaka mingi nyimbo za bendi zetu kubwa, kama vile NUTA Jazz, zilirekodiwa katika studio za Redio Tanzania Dar es Salaam. Mafundi mitambo wa siku zile walistahili sifa kubwa. Kwa maikrofoni chache na vyombo vichache waliiweka bendi nzima katika chumba kimoja, wakamsogeza mpiga tarumbeta nyuma na mwimbaji mbele, kisha bendi ikapiga wimbo tangu mwanzo hadi mwisho kwa pamoja. Uchanganyaji ulikuwa ni kule kupanga watu chumbani. Kanda ilipokwisha kuzunguka, kazi ilikuwa imekwisha, na sauti zote zilikuwa zimeungana.

Kwa hiyo mtu asidhani kwamba nyimbo zile zaweza kufanyiwa kwa urahisi yale waliyofanyiwa Queen. Mbegu hazikuwekwa, yaliyobaki ni mafuta. Ni mafuta mazuri sana, nasi twashukuru kwamba hazina hiyo, ambayo leo imo mikononi mwa Shirika la Utangazaji Tanzania, imewafikia watoto wetu. Lakini ni vema kuujua mpaka wake.

Ni kweli kwamba siku hizi kompyuta zimeanza kuuvuka mpaka huo. Mwaka 2022 albamu ya The Beatles iitwayo Revolver, iliyorekodiwa mwaka 1966 kwa kanda za njia nne, ilitolewa ikiwa imechanganywa upya na Giles Martin. Ngoma, besi na gitaa zilizokuwa zimebanwa pamoja katika njia moja zilitenganishwa kwa programu iliyofundishwa kuzitambua, kazi ya mafundi wa mtengeneza filamu Peter Jackson. Haya ni maajabu, na yanatupa matumaini juu ya kanda zetu za zamani. Lakini programu hutenganisha kilichomo. Ngoma ambayo maikrofoni haikuisikia, programu haiwezi kuifufua. Kanda iliyooza au iliyorekodiwa juu yake mahubiri ya jana, programu haina la kuifanyia. Asiyetunza asijifariji kwa mashine.

Hapo ndipo tunapoutazama Mkoa wa Singida. Kuanzia Mkalama na Iramba hadi Ikungi na Manyoni kuna Wanyiramba, Wanyaturu, Wagogo na wengineo, kila watu na nyimbo zao za mavuno, za harusi na za jando. Wagogo, ambao wako Dodoma na pia upande wa Manyoni, dunia imewajua kwa ilimba na izeze kwa sababu ya kazi ya marehemu Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003. Mwaka mmoja kabla ya hapo ilitoka albamu yake iitwayo Assembly, aliyoifanya na Michael Brook, ambamo vyombo vya Kigogo vilichanganywa na mitambo ya kisasa. Upende au usipende sauti ile, jambo moja ni wazi: mzee mwenyewe alikuwapo katika kazi hiyo. Je, wazee wetu wengine, ambao leo wanapiga chini ya mbuyu bila maikrofoni hata moja, watakuwapo lini?

Tena kuna hatari ambayo haisemwi sana, nayo iko katika studio ndogo za mijini. Kwaya inachanga fedha, inasafiri kutoka kijijini, inarekodi nyimbo zake kwa siku mbili. Siku hizi hata studio ya chumba kimoja ina kompyuta iwezayo kuweka kila sauti katika njia yake, jambo ambalo mafundi wa zamani wa Redio Tanzania wangelifurahia sana. Lakini kazi ikiisha, kwaya hupewa faili moja tu lililokwisha kuchanganywa, lenye kuingia katika simu. Njia zile nyingine hubaki katika kompyuta ya fundi mpaka itakapojaa, au kuharibika, au kuuzwa, kisha zimepotea. Mwenye mali ameondoka na chupa, na mbegu zake zimeachwa ghalani kwa mtu mwingine, wala hajui kwamba alikuwa nazo. Baada ya miaka 20, mtoto wa mwalimu wa kwaya atakapotaka sauti za kina mama zisikike juu ya kinanda kilichozifunika, atajibiwa kwamba haiwezekani.

Twaona hili si jambo la kulaumiana. Ni jambo la kuwekeana desturi. Kila kwaya, bendi au kikundi cha ngoma kinapokwenda studio kidai njia zote pamoja na wimbo uliokamilika, na jambo hilo lisemwe kabla ya fedha kulipwa. Njia hizo ziwekwe katika nakala mbili, na nakala hizo zikae katika nyumba mbili, kwa maana moto na mwizi havipigi hodi. Maofisa utamaduni wa halmashauri wanapozirekodi ngoma, wasiridhike na simu moja iliyoinuliwa juu ya vichwa vya watu. Maikrofoni moja iwe karibu na mwimbaji na nyingine karibu na wapigaji, kila moja katika njia yake. Sauti zitavujiana, lakini fundi wa kesho atakuwa na kitu cha kushika. Na katika kila rekodi yaandikwe majina ya waimbaji, kijiji, tarehe na wimbo ni wa shughuli gani. Kanda isiyo na jina ni kama mtoto aliyeokotwa sokoni.

Lingine ni la haki. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inampa mtungaji haki ya kutajwa na haki ya kukataa kazi yake isipotoshwe. Anayechanganya upya wimbo wa mzee wa Kiomboi, akautia midundo ya disko na kuupeleka sokoni, hana budi kupata idhini, kulitaja jina la mzee, na kugawana naye mapato. Tena aandike wazi kwamba hiyo ni kazi iliyochanganywa upya, na mwaka wake, ili kijana asije akadhani kwamba hivyo ndivyo babu zake walivyoimba. Katika albamu ya Queen, Freddie Mercury hakuweza kuulizwa, kwa kuwa alifariki tarehe 24 Novemba 1991. Lakini wenzake wawili, Brian May na Roger Taylor, waliisimamia kazi hiyo, na ile ya mwaka 1973 bado inasikilizwa. Huo ni mfano mwema.

Wapo watakaosema kwamba muziki wa asili usiguswe kamwe. Twaiheshimu hofu yao, lakini hatukubaliani nao. Wimbo usioguswa na mtu husahaulika, na vijana wana haki ya kuzipa nyimbo za bibi zao nguo za wakati wao. Tunachokataa ni kumvisha bibi nguo mpya kwa kuichoma ile ya zamani. Ya asili ibaki, na mpya ikae kando yake, na masikio yaamue.

Mkulima wa alizeti halali usingizi msimu unapokaribia iwapo hakuweka mbegu. Twawaomba ndugu zetu wa Singida, wenye studio, walimu wa kwaya, wapiga ngoma na maofisa wa halmashauri, wawe na wasiwasi huo huo juu ya nyimbo zao, na waanze kuweka akiba msimu huu, wakati wazee wenye kuzijua wangali wanaimba.