Sindano ya 'nguvu' haitibu mafua

Majuzi nilikuwa Kitengela kumtembelea dada yangu. Kama Wapwani wengine wengi, alihamia huko kufuata kazi za viwanda vya Athi River na nyumba za kodi nafuu kuliko Nairobi. Usiku ule mwanawe wa miaka minne alishikwa na homa, mafua na kikohozi. Asubuhi akampeleka duka la dawa la mtaani. Mtoto hakupimwa chochote. Alidungwa sindano, akaambiwa arudi kesho na keshokutwa.

"Ni ile ya nguvu, kaka," akaniambia.

Nilisoma kichupa: seftriaksoni.

Nguvu anayoisema dada ni ya kweli. Seftriaksoni ni ya ukoo wa sefalosporini, ambao asili yake ni ukungu alioupata Mwitalia Giuseppe Brotzu mwaka 1945 kwenye majitaka ya mji wa Cagliari, Sardinia. Bakteria hujikinga kwa ukuta, na dawa hii huzuia ukuta huo usijengeke, bakteria akapasuka na kufa. Chembe za mwili wetu hazina ukuta kama huo, ndiyo maana mdudu hufa na mgonjwa akabaki. Lakini virusi pia havina ukuta huo, na mafua ni ya virusi. Hapo sindano haina cha kubomoa.

Kazi yake hasa ni kwa wagonjwa mahututi: homa ya uti wa mgongo, kwa kuwa hupenya hadi kwenye maji yanayozunguka ubongo, bakteria walioingia damuni, kichomi kikali na homa ya matumbo. Si maradhi ya mbali. Utafiti uliofanyiwa hapa kwetu Kilifi na kuchapishwa mwaka 2005 ulionyesha kuwa zaidi ya robo ya watoto waliofariki hospitalini walikuwa na bakteria damuni.

Sasa tunaichezea. Shirika la Afya Duniani limeiweka seftriaksoni katika kundi la dawa za kuchungwa, kwa sababu kila ikitumiwa ovyo, bakteria huizoea. Huko Sindh, Pakistan, tangu 2016 kumezuka homa ya matumbo isiyosikia dawa hii. Mji kama Kitengela, ambako familia nyingi hununua maji ya visima na ya malori, hauna haja ya mgeni kama huyo.

Kuna hatari nyingine ya karibu zaidi. Mtoto akizidiwa na kukimbizwa hospitali ya kaunti mjini Kajiado, sindano ya jana inaweza kuwaficha bakteria wasionekane kwenye kipimo. Daktari hubaki anakisia.

Simlaumu dada. Kwenda hospitali na kupanga foleni ni kupoteza kibarua cha siku nzima, na duka la dawa liko hatua chache kutoka mlangoni. Lakini sheria inataka dawa hizi zitolewe kwa maandishi ya daktari, na serikali ina mpango wa kitaifa kuhusu usugu wa dawa tangu 2017. Karatasi tunazo. Kaunti zetu, kuanzia Kajiado hadi Kilifi na Mombasa, zinadaiwa maabara katika vituo vya mitaani na wakaguzi wanaofika madukani.

Nasi wazazi tuna letu. Kabla mtoto hajadungwa, tuulize: ni ugonjwa gani, amepimwa nini, na dozi ni ya siku ngapi? Akiwa na degedege, shingo ngumu, akipumua kwa shida au akikataa kunyonya, tusipite dukani. Twende hospitali moja kwa moja, na daktari akiandika sindano hiyo tusiikatae.

Mpwa wangu alipona siku ya nne. Dada anashukuru sindano. Mimi namshukuru Mungu kwamba yalikuwa mafua tu, maana mafua huisha yenyewe. Siku yakija makubwa, nataka dawa ile iwe bado inafanya kazi.