Khanga kuukuu na ndoo ya maji

Mama mwenzangu, mvua zikishaanza mwezi wa Novemba, maji ya visima vifupi na vijito mkoani Songwe hugeuka rangi. Pale Tunduma, mji uliokua upesi kuliko mabomba yake, wengi wamezoea kununua maji kwa ndoo au dumu, na anayeyaleta si rahisi akuambie ameyateka wapi. Yakifika nyumbani, kazi ya kwanza ni kuyachuja. Mwezi huu tuangalie kitu cha kuchujia. Si lazima ukinunue, ila wapo wanaotumia kisichofaa kabisa.

Chujio la chai huzuia majani na wadudu wakubwa tu, tope hupita. Pamba ya dukani huziba upesi na kuacha nyuzi. Sponji hutumiwa na wafugao samaki wa urembo katika sanduku la kioo, maana samaki hawadai maji yaliyochemshwa. Kwa maji ya kunywa haifai, kwa kuwa uchafu hujificha ndani yake na kuutoa wote ni kazi. Kibaya kuliko vyote ni chandarua. Matundu yake ni makubwa mno, tena vyandarua wanavyogawiwa akina mama kliniki vimetiwa dawa ya kuua mbu. Dawa hiyo si ya kunywa, mama!

Kinachofaa kimo sandukuni mwako: khanga ya pamba iliyochakaa. Usishangae nikisema kuukuu ni bora kuliko mpya. Kwa kufuliwa mara nyingi, nyuzi zake hulegea na kuziba nafasi zilizo kati yake. Kule Bangladesh, akina mama wa vijiji vya Matlab walifundishwa kuchuja maji kwa sari kuukuu iliyokunjwa tabaka kadhaa. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2003 na mtaalamu Rita Colwell na wenzake yalionyesha kuwa kipindupindu kilipungua kwa karibu nusu. Vijidudu vya ugonjwa huo hupenda kujishikiza kwenye viumbe wadogo sana waishio majini, na viumbe hao hunaswa na kitambaa.

Nusu iliyobaki ndiyo inayonihangaisha. Vijidudu vinavyoelea peke yake hupenya, na vile vya magonjwa mengine ya kuharisha pia. Maji yaliyochujwa hung'aa, na kung'aa huko ndiko kunakotudanganya tukampa mtoto kikombe. Kwa jirani zetu wa Zambia, mlipuko wa kipindupindu ulioanza Oktoba 2023 uliua mamia ya watu, na kutoka Tunduma hadi Nakonde ni mwendo wa miguu tu. Basi ukishachuja, chemsha mpaka maji yatokote kwa nguvu, uyaache hivyo dakika moja hadi tatu. Mkaa ukiwa ghali, tia dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, ungoje nusu saa. Hapo utaiona faida nyingine ya khanga: tope huila dawa, kwa hiyo maji yaliyotiwa dawa bila kuchujwa huenda yakabaki na vijidudu.

Kabla ya kukata khanga yako, chomoa uzi mmoja uuchome. Pamba huungua na kunuka kama karatasi. Uzi wa nailoni au poliesta huyeyuka na kuacha kidonge kigumu. Ukipata pamba, kunja kati mara tatu upate tabaka nane, kisha ukiinue kwenye mwanga. Ukiona vitundu, kunja tena. Maji yakiwa na tope jingi, yaache yatuame kwanza, umimine yale ya juu polepole. Funga kitambaa kwa kamba shingoni mwa ndoo, kibonyee kidogo katikati. Shona alama ya uzi mwekundu upande wa juu, ili kesho usikigeuze ukarudisha uchafu wa jana ndani ya maji ya leo.

Ukimaliza, kifue kwa sabuni, ukisuuze kwa maji safi na kukianika juani mpaka kikauke kabisa. Kisitumike kufutia vyombo wala kumkaushia mtoto. Mvua ikishika siku nzima hakitakauka, kwa hiyo kata viwili.