Dengue ya mara ya pili

Wazazi wengi tunaamini kwamba mtoto akishaugua ugonjwa na kupona, mwili umejifunza. Kwa surua ni kweli, maana aliyepona kwa kawaida haugui tena. Lakini homa ya dengue, ambayo wengine huiita kidingapopo, ina tabia yake, na sisi wa Dar es Salaam na Mombasa, ambako imeshalipuka zaidi ya mara moja, tunapaswa kuijua.

Virusi vya dengue viko vya aina nne. Mtoto akiugua aina moja, mwili wake hutengeneza kingamwili zinazomlinda dhidi ya aina hiyo kwa miaka mingi. Dhidi ya zile tatu nyingine, ulinzi ni wa miezi michache tu. Baadaye akiumwa na mbu mwenye aina nyingine, kingamwili za zamani huvishika virusi hivyo lakini haziviui. Seli za kinga humeza kilichoshikwa, na virusi vikishaingia humo huzaliana kwa raha zao. Ni mlinzi anayemfungulia mwizi geti kwa sababu sura yake si ngeni. Wengi hupona hata mara ya pili, ila hatari ya dengue kali ni kubwa zaidi.

Jambo hili liliwaumiza sana Ufilipino. Mwaka 2016 serikali ilianza kuchanja watoto shuleni kwa chanjo ya Dengvaxia, na zaidi ya 800,000 walichanjwa. Novemba 2017 watengenezaji wake, Sanofi, walitangaza kwamba kwa mtoto ambaye hajawahi kuugua dengue, chanjo hiyo inaweza kufanya kazi ya ugonjwa wa kwanza: akiambukizwa baadaye, anaweza kuugua vibaya zaidi. Mpango ukasimamishwa. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani likashauri mtoto apimwe kwanza, achanjwe yule tu aliyewahi kuambukizwa.

Hasira ya wazazi ilieleweka. Kwa bahati mbaya wengine walianza kuziogopa chanjo zote, na mwaka 2019 surua ikalipuka nchini humo na kuua watoto. Chanjo ya surua haina tatizo hili hata kidogo, kwa hiyo ya miezi 9 na ya miezi 18 usizikose.

Mtoto akishikwa na dengue, mpe parasetamo kwa kipimo cha uzito wake na vinywaji vya kutosha. Aspirini, diklofenaki na ibuprofeni ziache, zinaongeza hatari ya kutokwa damu. Wengi hulegeza uangalizi homa inaposhuka, kumbe saa 24 hadi 48 zinazofuata ndizo mbaya. Akilalamika tumbo linauma sana, akitapika mfululizo, akitoka damu puani au kwenye fizi, au akilegea, mkimbize hospitali usiku huohuo. Na mwambie daktari kama aliwahi kuugua dengue, hata kama ilikuwa ile ya 2019.