Tembo tunawalinda, nusu yetu iko wapi?

Makamanda, mimi ni mtoto wa Kisaki. Utalii wangu wa kwanza niliufanya bila kulipa kiingilio, dirishani kwenye treni ya TAZARA. Kati ya Fuga na Kisaki reli inakatiza ndani ya hifadhi, unaona twiga, unaona nyumbu, siku ya bahati unaona na tembo. Mgeni analipa dola kuona hichohicho. Sisi tunashuka stesheni na mizigo yetu, tunarudi shamba, na huko tembo tunakutana nao usiku.

Mwaka juzi waliingia kwenye mahindi ya mama, ekari 3, asubuhi hakuna kitu. Kwa kanuni za 2011 kifuta jasho kilikuwa kati ya shilingi 25,000 na 100,000 kwa ekari kutegemea umbali wa shamba na hifadhi, na mwisho ekari 5. Mama nilipomsomea alicheka. Akasema, "Mwanangu, hiyo si fidia, hiyo ni pole."

Pori hili lilipewa jina la Selous mwaka 1922, yule mwindaji wa Kiingereza aliyeuawa vitani Behobeho, si mbali na kwetu. Mwaka 2019 sehemu yake kubwa, kilomita za mraba 30,893, ikawa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Jina zuri, sina ugomvi nalo. Ila hifadhi ya taifa maana yake huwindi, huvui, hukati hata ukuni. Kilichobaki mikononi mwa wananchi ni hifadhi ya jamii, ile WMA ya JUKUMU, ambayo vijiji vya Ukutu vilitoa ardhi yao wenyewe.

Na hapa ndipo nataka tukae kidogo. Kanuni za kwanza za WMA, za mwaka 2002, ziliweka mgawo bayana: katika mapato ya jumuiya, angalau asilimia 50 iende kwa vijiji wanachama, angalau 25 iendeshe jumuiya, angalau 15 irudi kwenye kutunza maliasili. Nusu, jamani! Siyo hisani ya mtu. Sasa wewe unayesoma hapa, kijiji chako ni mwanachama, ulishawahi kusikia hesabu hiyo ikisomwa kwa tarakimu? Sisemi kuna mtu amekula. Nasema asiyeuliza hana haki ya kulalamika kijiweni.

Wapo wenzetu wanaosema hifadhi ivunjwe tulime. Siungi mkono hata kidogo. Bonde la Mgeta likifunguliwa leo, kesho wataingia wenye matrekta kutoka mjini, na wewe utabaki kibarua kwenye ardhi ya babu yako. Mimi nataka pori libaki na kijana wa Kisaki ale humo kihalali: aongoze wageni, awapeleke kwenye maji moto yetu, awapikie. Halmashauri ina mikopo, asilimia 4 ya mapato ya ndani ni ya vijana. Undeni kikundi, ombeni. Barabara ya Matombo na Mvuha wakati wa masika ni habari nyingine, nitaiandikia siku yake.

Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa uitishwe kila baada ya miezi mitatu, na ukishatimiza miaka 18 wewe ni mjumbe, huhitaji kadi ya chama chochote. Nendeni. Magwanda acheni nyumbani, mkivaa mtaambiwa mnaleta siasa. Chukueni daftari, muulize: jumuiya imeingiza shilingi ngapi, kijiji kimepata ngapi, zimefanya nini. Mwenyekiti akijibu kwamba taarifa haijafika, msizomee. Ombeni tu jibu hilo liandikwe kwenye muhtasari, na tarehe.