FUNDI WA NYUMBANI: Taa Moja, Swichi Mbili

Mwezi huu tunajibu swali la mama mmoja wa kwetu ambaye sasa anapanga Kyarumba, kule milimani Kasese. Jiko lake liko nje, chini ya nyumba, na katikati kuna ngazi za udongo. Ana sola ndogo na taa moja ya nje, swichi iko ndani. Watoto wakienda kulala wanaizima, mama anabaki jikoni gizani. Siku moja alianguka kwenye ngazi akiwa na sufuria ya maji moto. Tunashukuru hakuungua. Tangu hapo taa inaachwa mpaka asubuhi, na betri inakufa. Simu haina chaji, na ndugu walio ng'ambo ya Mpondwe hawampati.

Tuhesabu kidogo. Balbu ya wati 5 ikiwaka bure masaa 8 inakula wati-saa 40. Betri ya volti 12, ampea-saa 7, ikijaa ina kama 84. Basi karibu nusu inaisha mkiwa mmelala! Na betri ya asidi ikimalizwa hivyo kila usiku haidumu.

Dawa yake ni swichi mbili kwa taa ile ile, moja jikoni, moja nyumbani. Mama anawasha akiwa jikoni, anapanda ngazi, anazima akifika mlangoni.

Dukani usiombe swichi ya kawaida. Omba ya njia mbili, mafundi wanaiita tuwei. Angalia: swichi yenye vitufe viwili siyo lazima iwe tuwei, hiyo ni ya taa mbili. Igeuze nyuma. Tuwei ina skrubu tatu kwa kila kitufe: COM, L1 na L2.

Kwa sola ya volti 12 fanya hivi:

1. Toa fyuzi kwanza, taa isipate moto.
2. Waya mwekundu unaotoka kontrola, upande wa taa, funga kwenye COM ya swichi ya nyumbani.
3. Vuta waya mbili kati ya swichi. Moja iunge L1 na L1, nyingine L2 na L2.
4. Kutoka COM ya swichi ya jikoni, peleka waya kwenye chanya ya balbu.
5. Hasi ya balbu irudi moja kwa moja kontrola, isipite kwenye swichi.
6. Funika maungio yote, rudisha fyuzi, jaribu kila swichi.

Ukitaka swichi ya tatu, tuseme chumbani, ile ya katikati iwe intamidieti yenye skrubu nne. Inakaa kwenye zile waya mbili, na zile za mwisho zinabaki tuwei.

Sasa sikilizeni vizuri. Wenye umeme wa nguzo, volti 240, mpango ni huo huo lakini kazi siyo yetu. Iteni fundi mwenye kibali cha ERA, mamlaka inayosimamia umeme Uganda. Muulizeni: "Waya wa moto ndio unapita kwenye swichi?" Kuna wanaopitisha ule mwingine. Taa inawaka na kuzimika vizuri kabisa, kumbe imezimwa na kishikio cha balbu bado kina moto.

Tena, kwenye tuwei kitufe hakikuambii kitu. Juu au chini, taa inaweza kuwa inapata moto, kwa sababu swichi nyingine inaibadilisha. Hata kama ni giza, mtoto akiwasha upande wa pili, wewe uliyeshika kishikio unapigwa. Kabla ya kubadilisha balbu, zima swichi kuu. Wafundisheni watoto hivyo.

Mama, pole kwa kuanguka. Ukishafunga, tuandikie betri inafika asubuhi ikiwa na nguvu gani. Na wengine leteni maswali yenu. Mpaka mwezi ujao.