Watalii wamiminika Zanzibar, Mji Mkongwe wazidi kuchakaa

Na Mwandishi Wetu

MTALII anayeshuka botini katika bandari ya Malindi, baada ya safari ya takriban saa mbili kutoka Dar es Salaam, hulakiwa na mandhari ambayo ndiyo picha ya Zanzibar duniani kote: nyumba ndefu nyeupe zilizoikabili bahari, majahazi yaliyotia nanga na minara ya misikiti na makanisa nyuma yake.

Akiingia vichochoroni, hupiga picha milango ya nakshi ya Hurumzi na Kiponda, husimama Mkunazini palipokuwa na soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, na jioni huishia Forodhani kula pweza na kunywa juisi ya miwa.

Kesho yake wengi huwa wamekwishapanda gari kuelekea fukwe za Nungwi, Kendwa, Paje au Jambiani, ambako hukaa siku zote zilizosalia. Huko ndiko sehemu kubwa ya fedha zao inakobaki. Mji uliowavuta hupata kiingilio cha makumbusho, bei ya kinyago na ujira wa mtembezaji.

Hapo ndipo ulipo mgogoro wa Mji Mkongwe, kwamba ndio sura ya utalii wa Zanzibar, lakini si ndio mnufaika wake mkuu.

Idadi ya wageni wa nje walioingia Zanzibar ilivuka 600,000 mwaka 2023 na 700,000 mwaka 2024, katika visiwa ambavyo sensa ya mwaka 2022 ilihesabu wakazi wasiofika milioni 1.9. Kwa takwimu hizo, mtu angetarajia mji huo wenye eneo la hekta 96, ulioingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, uwe unang'ara.

Hali halisi ilijidhihirisha Desemba 25, 2020, pale sehemu ya Beit al-Ajaib ilipoporomoka wakati ukarabati ukiendelea na kuua watu wawili. Jengo hilo lilijengwa na Sultani Barghash bin Said mwaka 1883. Lilinusurika mizinga ya Waingereza ya Agosti 27, 1896, katika vita vilivyomalizika kwa muda usiofika saa moja. Kuchakaa kwa miaka mingi kulifanya kile ambacho mizinga ilishindwa kukifanya.

Chanzo cha uchakavu huo kinaeleweka. Kuta za Mji Mkongwe ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikamanishwa kwa chokaa, na sakafu za ghorofa hubebwa na boriti za mikoko. Nyumba ya namna hiyo huweza kudumu karne nzima na zaidi, kwa sharti moja tu: paa lisivuje. Maji yakipenya, chokaa hulegea na boriti huoza ndani kwa ndani bila mtu kuona. Anayepaka ukuta huo saruji akidhani anauimarisha huufungia unyevu ndani, na kuongeza madhara.

Matunzo hayo yanahitaji fedha, na hapo ndipo historia inapoingia. Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964, nyumba nyingi zilizoachwa au kutaifishwa zilipangishwa kwa wananchi. Nyumba iliyojengwa kwa ajili ya ukoo mmoja ikawa makazi ya familia kadhaa. Nyingine ni mali ya wakfu. Kodi ndogo haitoshi kugharimia fundi wa chokaa, na mpangaji hana sababu ya kutumia akiba yake kuezeka paa lisilo lake.

Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe, iliyoanzishwa mwaka 1985, ina sheria mkononi, lakini sheria peke yake haiezeki paa.

Njia iliyozoeleka ya kuokoa nyumba imekuwa kumkabidhi mwekezaji aigeuze hoteli. Ni kweli kwamba paa hupatikana. Hata hivyo, wakazi huondoka, na pamoja nao huondoka mazungumzo ya barazani, madrasa ya mtaani na harufu ya mkate wa asubuhi, yaani mambo yale yale ambayo mgeni alivuka bahari kuyafuata. Aidha, upanuzi wa jengo la Mambo Msiige huko Shangani, ambalo lilifunguliwa kama hoteli mwaka 2015, uliifanya Kamati ya Urithi wa Dunia ieleze wasiwasi wake.

Wasiwasi wa kamati hiyo si wa kupuuzwa. Mwaka 2021 iliuondoa katika orodha hiyo mji wa bandari wa Liverpool, nchini Uingereza, kwa sababu ya majengo mapya yaliyobadili sura ya pwani yake.

Je, fedha zitoke wapi? Tangu Oktoba 1, 2024, mgeni kutoka nje anayeingia Zanzibar hutakiwa kulipia bima ya safari, ambayo ilianza kwa dola 44 za Marekani. Utaratibu huo umethibitisha kuwa mchango wa kila mgeni unaweza kukusanywa, na bado watalii wakaja. Dola moja tu kwa kila mgeni wa mwaka 2024 ingekuwa zaidi ya dola 700,000.

Fedha hizo haziwezi kuufufua mji wote kwa mwaka mmoja. Lakini zikiwekwa katika mfuko maalumu kwa ajili ya mapaa ya nyumba zinazokaliwa na wananchi, kwa hesabu zinazotangazwa hadharani, mtalii wa Nungwi atakuwa amechangia kuulinda mji uliomvuta.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa Beit al-Ajaib, ukuta umekwishaanguka na roho mbili zimekwenda. Nyumba za jirani bado ziko kwenye ufa, na ndani yake wamo watu.